Matanga Yawe Tayari Jumamosi

“Nipe maneno yenyewe,” Inspekta alisema. “Maana yake nitaitafuta mwenyewe.”

Mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa dada wa marehemu. Alivaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni, na alikikalia kiti cha polisi kama mtu aliyekuja kudai chake.

“Ilikuwa Jumatano. Mimi niko nyuma ya mlango wa jiko, wifi yangu yuko ndani anaongea na simu. Ananong'ona! Mtu akinong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, afande, ujue kuna jambo. Akasema: ‘Matanga yawe tayari Jumamosi, tafadhali. Na mume wangu asijue kitu.’ Kisha akakata. Ijumaa kaka yangu akafa.”

“Nyuma ya mlango ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa napita.”

“Unapita umesimama?”

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo alikohoa ili asicheke. Wifi mtu alimtupia jicho, akarudi kwa Inspekta. “Chekeni tu nyinyi. Kaka yangu yuko kaburini na mwanamke yule anapokea pole.”

Kituoni walimwita Inspekta huyu wa kike Kupe, kwa sababu akishamganda mtu hang'oki mpaka ashibe. Walimwita hivyo akiwa hayupo. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Kuna wakubwa pale kituoni walioitwa wadudu wabaya zaidi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu wawili walimiliki boti moja ya matanga na injini, waliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mkubwa, fundi mitambo wa bandarini, alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka kuondoka nayo yeye na mkewe, wazunguke bahari mpaka wachoke. Mdogo, dalali wa nyumba, viwanja, magari na chochote kinachouzika, alitaka kuiuza. Ijumaa walitoka baharini wawili. Jioni Dalali alirudi na maiti ya kaka yake kwenye sitaha.

Alieleza kwamba walikuwa wanapandisha tanga, upepo ukageuka, na ule mti mrefu unaoshika tanga kwa chini ukazunguka ukampiga kaka yake kisogoni, akaanguka majini. Kamba ya kuuzuia mti ule, alisema, aliikuta imelegezwa, na si yeye aliyeilegeza. Daktari alikubali kwamba jeraha la kisogoni lingeweza kuwa la mti, au la kitu kingine chochote kizito. Mlinzi wa gati naye alikumbuka kuwa Jumanne mke wa marehemu aliingia botini peke yake na kutoka na magunia makubwa kwenye mkokoteni. Sasa yakaja maneno ya wifi.

“Unangoja nini tena, video?” Mkuu wa kituo aliuliza wifi alipotoka. “Mwanamke ameandaa matanga ya mumewe kabla mumewe hajafa. Mkamate.”

“Mkuu, anayepanga kuua haagizi matanga kwa simu.”

“Siku hizi kila kitu kinaagizwa. Viti, maturubai, sufuria, hata waliaji. Ndugu wa marehemu wamejaa pale nje na hawanipi nafasi ya kupumua. Kabla jua halijazama awe ndani.”

“Na nikikuta si yeye?”

“Basi ukute mapema.”

Kupe alichukua mkoba wake. Hakuwa na huruma kwa mjane, tuelewane. Alishakamata wajane kadhaa waliolia vizuri sana. Ila hakupenda ushahidi unaokuja wenyewe ofisini, umevaa vizuri na umejipaka mafuta.

Alianzia gatini. Kwenye uzio wa boti palifungwa ubao uliopakwa rangi jana yake au juzi: INAUZWA. BOTI YA MATANGA NA INJINI. IMETUMIKA KWA ADABU. INAFAA SAFARI NDEFU. Sitahani Dalali alikuwa amekunja suruali, anasugua vishikio vya shaba.

“Pole na msiba,” Kupe alisema.

“Asante, afande. Nimeshapoa.”

Ndivyo watu wanavyojibu, lakini Kupe alimtazama na kuona kwamba huyu kweli alikuwa ameshapoa. Alivua viatu, akashika mkono aliopewa, akavuka kuingia botini huku akiangalia maji chini kama mtu anayevuka mbele ya mbwa wa jirani. Hakujua kuogelea, na hakutaka Dalali alijue hilo.

Boti ilikuwa pana na nzito, ya milingoti miwili. Katikati palikuwa na kibanda cha usukani chenye vioo pande zote, ili nahodha asilowe mvua. Chini mlikuwa na vitanda vinne, jiko lenye vyuma vya kuzuia sufuria zisiruke, na rafu zilizoshonewa nyavu.

“Injini haijawahi kufunguliwa,” Dalali alisema. Mdomo wake haukujua kwamba leo aliyekuja si mteja. “Matenki mawili ya maji, mawili ya dizeli. Upepo ukikukataa unawasha injini, injini ikikukataa unatweka matanga. Unaenda miezi bila kumwomba mtu kitu.”

“Kaka yako aliipenda?”

“Kupita kiasi.”

“Nioneshe alipokuwa amesimama.”

Dalali alimpeleka kwenye mlingoti mkubwa. Mti wa tanga ulilala kwa usawa juu ya sitaha, na juu yake tanga lilikuwa limekunjwa ndani ya kifuniko kirefu cha turubai la buluu, kilichovimba na kufungwa kwa kamba fupi fupi toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye mlingoti mdogo wa nyuma kulikuwa na kifuniko kingine cha namna hiyo.

“Mlikuwa mnapandisha lipi?”

“Hili kubwa.”

“Lilikuwa limefika wapi?”

“Juu kabisa. Limejaa upepo. Nilikuwa nimeshika kamba hapa, yeye pale. Upepo ukageuka, mti ukaja. Nikapiga kelele, ‘Kaka, inama!’ Hakuwahi.”

“Akaanguka majini. Ukafanya nini?”

“Nikateremsha tanga, nikawasha injini, nikamzungukia. Boti yenye tanga juu hairudi nyuma, afande.”

“Na hiki kifuniko?”

Dalali alikigeukia. “Kimefanya nini?”

“Picha tulizopiga Ijumaa zinakionyesha kimefungwa hivi hivi, kamba zote. Ni nani aliyekifunga?”

“Mimi.”

“Saa ngapi? Maiti ya kaka yako iko hapo chini, wewe unafunga vifundo?”

“Mikono ya mazoea. Mtu akichanganyikiwa, mikono hufanya inachokijua.”

“Kabla hujaita watu, au baada?”

“Sikumbuki.”

“Umelifungua tena tangu siku hiyo?”

“Nani ana moyo huo? Mnunuzi anakuja leo alasiri. Nitamfungulia yeye.”

Kupe alikitazama kile kifuniko. Askari wake Ijumaa walikuwa wamepiga picha za kila kitu isipokuwa kilichofunikwa. “Na mjane amekubali muuze?”

“Mjane ana mambo yake na nyinyi, nasikia. Akiwa hayupo, ukoo utaamua. Dada yangu anakuja kushuhudia.”

“Umesikia kwa nani?”

“Mji mdogo huu, afande.”

Haukuwa mdogo kiasi hicho. Kupe alivaa viatu vyake akiwa ameshakanyaga nchi kavu, akamwambia Koplo awashe gari.

Nyumbani kwa marehemu matanga yalikuwa bado hayajaisha. Wanawake walijaa sebuleni kwenye mikeka, na walipomwona Kupe mazungumzo yalikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Koplo alibaki mlangoni. Pingu zilikuwa mfukoni mwake na kila akihama mguu zililia, mpaka akazishika kwa mkono.

Mjane alimpokea Kupe chumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, macho yamevimba, na hakusumbuka kuyafuta.

“Dada, pole sana. Nina swali moja na nataka jibu la haraka. Jumatano ulimpigia nani simu?”

“Watu wengi.”

“Huyu uliyemwambia matanga yawe tayari Jumamosi na mumeo asijue.”

Mjane alimtazama. Halafu akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akakiziba kwa khanga, na kule sebuleni mtu alisema, “Mh!”

Kupe hakupenda kicheko kile hata kidogo. “Nichekeshe na mimi.”

“Matanga ya boti, afande! Yale ya kupepea! Yalikuwa yamechanika vibaya, na mume wangu anasema hayo hayo yatatosha, yatatosha. Jumamosi alikuwa anatimiza miaka sitini. Nikasema nitampa matanga yake yakiwa mazima. Nani amewaambia... Ni wifi. Ni wifi yangu, si ndiyo?”

“Uliyatoa lini botini?”

“Jumanne, yote mawili. Nilisaidiwa na mtu wa mkokoteni hapo gatini.”

“Unanidanganya, dada.” Kupe alisogeza kiti mbele. “Nimetoka huko sasa hivi. Matanga yapo, yamekunjwa ndani ya vifuniko vyake. Na Ijumaa mumeo amekufa akipandisha tanga kubwa.”

Mjane alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Aliufunga. Kisha akauliza polepole, “Tanga gani?”

“Kubwa. Upepo ukageuka, mti ukampiga.”

“Nani amesema?”

“Shemeji yako. Hukuelezwa?”

“Mimi nimeambiwa aliteleza. Wote wananiambia aliteleza, nikiuliza zaidi wananiambia nyamaza, mfiwa hasimuliwi.” Alishika ukingo wa kitanda. “Afande, umefungua kile kifuniko?”

“Sijafungua.”

“Mle hamna tanga. Mume wangu angekiona kifuniko kimesinyaa angejua siku hiyo hiyo. Nilijaza magodoro ya sponji, yale ya watoto walipokuwa wadogo. Nikajaza na blanketi. Nikafunga kamba mimi mwenyewe.” Alimshika Kupe mkono. “Hawakupandisha kitu. Wangefungua wangekuta magodoro, mume wangu angenipigia simu anacheka mpaka kesho. Ni boti ya injini ile, walienda kwa injini. Basi huo mti ulimpigaje mume wangu? Ulimpigaje?”

Hapo ndipo alipolia, na hakulia vizuri. Alilia kwa hasira, kwa kukunja uso, na akaupiga ngumi mto uliokuwa kitandani.

Kupe alisubiri. Maelezo yale yalikaa sawa, na hilo ndilo lililomtia shaka, maana mwongo aliyepewa siku kadhaa hufika na maelezo yanayokaa sawa. Mwanamke huyu angeweza kuyatoa matanga baada ya kifo na kutia magodoro. “Ni fundi gani?”

Karakana ilikuwa ya kushona maturubai ya malori, mahema na viti vya magari. Fundi mwenyewe alikuwa nyuma ya cherehani kubwa, na mbele yake alisimama dereva wa lori mwenye kitambi, amekasirika.

“Natafuta matanga,” Kupe alisema akionyesha kitambulisho.

“Ya nani?” fundi aliuliza.

“Unajua ya nani.”

“Nimeambiwa ni siri. Mimi nikiambiwa siri, mama, hata mke wangu simwambii.”

“Matanga, matanga!” dereva alidakia. “Hayo hayo ndiyo yaliyonichelewesha! Nimeleta turubai langu Jumatano, bwana huyu ananiambia, ‘Ngoja, kwanza nimalize matanga ya watu.’ Mimi najua amefiwa! Nikavua kofia, nikamwambia pole sana ndugu yangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia na mke wangu. Ijumaa asubuhi nimekuja na rambirambi, namkuta ametandaza kitambaa cheupe sakafu nzima, pa kukanyaga hakuna, anashona anapiga mluzi!”

“Ijumaa asubuhi?” Kupe alimgeukia. “Una hakika?”

“Kwa nini nisiwe na hakika? Ilibidi nipite pembeni kwa kujibana ukutani, kitambi hiki. Na rambirambi niliirudisha mfukoni.”

“Yalikuwa mangapi?”

“Moja kubwa na moja dogo. Kubwa lilikuwa limefumuliwa vipande vipande.”

Fundi aliona siri imeshakwenda na maji. Aliinuka, akafunua marundo mawili yaliyokunjwa pembeni. Mishono mipya iling'aa juu ya kitambaa kikuukuu. “Niliyamaliza Ijumaa hiyo hiyo jioni,” alisema. “Nampigia mwenyewe simu, hapokei. Nikadhani hajapata nafasi.”

“Hukusikia kwamba mumewe amefariki?”

Fundi alibaki na mkono juu ya tanga. “Huyo wa siku ya kuzaliwa?” Alimtazama dereva, na dereva, bila kuambiwa, akavua kofia kwa mara ya pili.

Kupe aliagiza yasiguswe, akachukua maelezo ya wote wawili na namba zao. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mkuu alipiga simu, Kupe akaiangalia inavyoita na hakuipokea. Mke hakuwa na tanga la kumuua mtu nalo. Lakini Dalali angeweza bado kusema alichanganyikiwa, kwamba hakuwa na maana ya tanga, kwamba ni mti tu uliozunguka wenyewe. Dalali mzuri huwa na nyumba nyingine ya kukuonyesha ukiikataa ya kwanza. Ilibidi ajifungie mlango mwenyewe, mbele ya watu.

Walipofika gatini mnunuzi alikuwa ameshafika, mzee mmoja mkimya wa kofia ya majani, akigonga gonga ubavu wa boti kwa vidole. Wifi mtu alikaa kwenye benchi la sitahani na mkoba wake mapajani. Alipomwona Kupe alisimama.

“Mmeshamchukua?”

“Bado. Nimekuja kumsikiliza kaka yako mara moja tena. Samahani, mzee, sitakuchelewesha.” Kupe alivuka kuingia botini bila kushikwa mkono. “Nieleze tena, ili dada yako naye asikie. Ijumaa mlipandisha tanga lipi?”

“Nimeshakueleza, afande. Hili kubwa.”

“Lilipanda lote?”

“Lote.”

“Usije ukawa umechanganya. Labda mlikuwa bado, mko kwa injini tu.”

“Nimekua kwenye boti mimi. Nichanganye tanga na injini?” Dalali alimgeukia mnunuzi akitabasamu, kama anayeomba radhi kwa ujinga wa polisi. “Lilikuwa juu, limejaa upepo. Nililiteremsha mwenyewe, nikalikunja mwenyewe, nikalifunika.”

“Hakuna mwingine aliyeligusa?”

“Hakuna.”

“Basi mfungulie mzee aone anachonunua.”

“Ndicho nilichotaka kukiona,” mnunuzi alisema.

Dalali alianza kufungua kamba, moja baada ya nyingine, huku akisema kitambaa ni kizito, kizuri, kimetunzwa. Kwenye kamba ya nne mikono yake ilipunguza mwendo. Kifuniko kilikuwa kinamrudia kwa ulaini ambao tanga halina. Aliangalia nyuma, akamwona Koplo amesimama kwenye daraja la kutokea, akaendelea kwa kuwa hakuwa na namna.

Kifuniko kilifunguka. Godoro la sponji lilijikunjua taratibu likaangukia sitahani. Likafuata la pili, lenye doa la kitanda cha mtoto, na juu yake likaporomoka blanketi la zambarau lenye maua ya njano.

Mnunuzi alirudi hatua nyuma. Dalali alisimama na kipande cha kamba mkononi.

“Blanketi langu hilo,” wifi mtu alisema. Hakuna aliyemuuliza. “Niliwapa mimi, siku ya harusi yao. Nimelishona ukingo mimi.” Aliinama akaligusa, kisha akapeleka mkono ndani ya kifuniko, akapapasa mpaka mwisho wa mti. Mlikuwa na sponji tupu.

“Magodoro hayo yako humo tangu Jumanne,” Kupe alimwambia. “Matanga yalikuwa kwa fundi. Ndiyo hayo uliyoyasikia yakiagizwa. Yalikuwa zawadi ya kaka yako.”

Wifi mtu aliutoa mkono ndani ya kifuniko. Alimgeukia ndugu yake. “Kaka. Ijumaa mlipandisha nini?”

“Nenda nyumbani.”

“Nimekuuliza. Mlipandisha nini?”

“Wewe huelewi mambo ya boti.”

“Naelewa blanketi!” Alipiga kelele, na watu wa boti za jirani wakatoa vichwa. “Umekuja kwangu umelia. Umeniambia wifi amelegeza kamba, nami kwa kuwa simpendi nikaamini. Mlipandisha nini?”

Dalali aliiangusha ile kamba. Alikaa juu ya godoro, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. “Nilimwomba tuuze,” alisema. “Nilimwomba kwa heshima zote. Nimeshampa mzee wa watu neno langu. Yeye kashika usukani, ananiambia hii haiuzwi, hii ni nyumba ya mke wangu. Akanigeuzia mgongo, akaanza kuimba. Kama asingeimba...”

“Ulimpiga na nini?” Kupe aliuliza.

Alionyesha kwa kidevu mkono wa chuma wa kuzungushia mashine ya nanga, uliokuwa umening'inizwa kwenye ukuta wa kibanda cha usukani, safi, umesuguliwa ukang'aa pamoja na vishikio vya shaba. Koplo alitoa pingu, akaufunga mkono wa Dalali taratibu, kisha akavaa glavu na kuuondoa ule mkono wa chuma ukutani.

Kupe alimpigia Mkuu simu. “Mjane aachwe,” alisema. “Ndiyo, nina hakika. Nina mashahidi mpaka wa rambirambi.” Mkuu alianza kuuliza ni nini sasa atakachowaeleza wale ndugu waliojaa nje, na Kupe akasema mtandao unasumbua.

Dalali alipopandishwa gari, dada yake alibaki amekaa kwenye benchi la boti. Alikuwa amelikunja blanketi, akalifungua, akalikunja tena. Asubuhi alikuwa na kaka mmoja wa kumlilia na mmoja wa kumtegemea.

“Mimi ndiye niliyemsema,” alisema. “Mbele ya watu wote. Nimewaambia wanawake wote walioko pale sebuleni. Nitaingiaje kwenye nyumba ile?”

Kupe alikuwa na majibu mengi ya kuwapa watu wanaosimama nyuma ya milango, na mengine yalikuwa matamu. Aliyaacha. “Kwa miguu yako, dada,” alisema. “Na sasa hivi, kabla hajasikia kwa mwingine.”

Wifi mtu alisimama. Aliondoka gatini na blanketi kifuani, akapita chini ya ule ubao bila kuutazama, akashika njia ya kwenda kwa mjane.